Kabla hujakubali mwaliko wa kwenda kuwinda kulungu Minnesota

Tangu niweke picha ya kulungu niliyempiga Novemba, simu yangu haitulii. Pongezi nazipokea kwa mikono miwili, maana nimezitolea jasho. Lakini kuna ujumbe mmoja ulionikosesha usingizi. Kijana anayesoma chuo huko St. Cloud ameniandikia: "Kaka, wenzangu wa darasani wamenialika tukawinde. Wanasema bunduki ipo, mimi nije na koti tu. Kuna shida?"

Ipo, mdogo wangu, tena si moja.

Wewe uko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki, na hata risasi, isipokuwa awe katika mafungu machache yaliyoruhusiwa. Fungu mojawapo ni la mwenye leseni halali ya kuwinda. Mwaliko wa rafiki si leseni. Kisha Minnesota yenyewe inamtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki, au achukue kibali cha mwanagenzi na awinde akiwa na mtu mzima mwenye leseni. Wenzako wakikosea watalipa faini na maisha yataendelea. Wewe kosa la bunduki linaweza kukupandisha ndege ya kurudishwa kwenu. Hata sisi wenye green card, fomu ya kuomba uraia inatuuliza kama tumewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Muone wakili wa uhamiaji kwanza, koti utanunua baadaye.

Mimi nilikulia Voi, mlangoni mwa Tsavo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kizazi chetu kimekua kikijua watu wa aina mbili tu wanaobeba bunduki porini: askari wa wanyamapori na jangili. Habari ya leseni, lebo ya kumfungia mnyama uliyempiga, na msimu hatukuikuta nyumbani. Ndiyo maana nilipoamua kuwinda hapa nilikisoma kile kijitabu cha kanuni cha Idara ya Maliasili, DNR, kuanzia jalada hadi jalada. Hutolewa upya kila mwaka, ni bure, na kipo mtandaoni. Kisome cha mwaka huu, usisome cha mwaka jana. Kusini mwa jimbo, kwa miaka mingi, kulungu aliwindwa kwa shotgun na si kwa rifle, kwa kuwa risasi ya rifle husafiri mbali na huko kuna mashamba na nyumba za watu. Mwaka 2025 bunge la jimbo likaiondoa kanuni hiyo kuanzia 2026, huku kaunti zikiachiwa nafasi ya kuibakiza. Anayetegemea habari za mjomba wa rafiki yake atajuaje?

Jambo la saa ndilo linalotupiga chenga sisi watu wa ikweta. Sheria inaruhusu kumpiga kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuchwa. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika zake, Januari hadi Desemba. Hapa Juni linatoka saa kumi na moja na nusu hivi, na Desemba linakaribia saa mbili. Halafu miaka mingine saa hurudishwa nyuma Jumapili ileile ambayo ni siku ya pili ya msimu, kwa hiyo muda ulioutumia Jumamosi unakuwa si sahihi kesho yake. Mimi huziandika saa za siku zote kwenye kadi na kuitia mfuko wa kifuani.

Kadi hiyo ndiyo iliyonizuia jioni ya kwanza. Nilikuwa bonde la Whitewater, kusini-mashariki, nimekaa juu ya dungu la kubebeka tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Akatokea dume mwenye pembe za matawi manane, akasimama hatua kama arobaini, ubavu wote wazi, pumzi yake inafuka. Nikatazama saa. Muda ulikuwa umepita kwa dakika chache. Nikatoa risasi bundukini, nikashuka, nikafungua dungu na kulibeba mgongoni, kwa sababu kwenye ardhi ile ya umma hairuhusiwi kuliacha usiku.

Whitewater inataka macho. Kuna eneo la wanyamapori ambalo uwindaji unaruhusiwa, na pembeni yake kuna Whitewater State Park, hifadhi ya jimbo, ambamo huwindi ila kwa uwindaji maalumu uliotangazwa. Jina ni moja, bonde ni moja, na kulungu hajui mpaka. Pakua ramani kabla ya kuondoka nyumbani, maana simu huko hazishiki vizuri. Na shamba la mtu ni shamba la mtu hata kama hakuna kibao: kwenye ardhi ya kilimo, ruhusa ni lazima.

Asubuhi ya pili nikampata dume mwingine. Nilikuwa naijaza lebo nilipomuona afisa wa wanyamapori akija. Kuna mtu alikuwa amempigia simu kwamba ameona jangili. Nilikuwa na fulana na kofia ya rangi ya machungwa kama kila mtu bondeni. Alikagua leseni, bunduki, lebo na saa niliyofyatua. Hakukuta kasoro, akanishika mkono akaenda zake. Afisa sina neno naye, ila yule aliyepiga simu bado ananiuma. Aliona nini kwangu ambacho hakukiona kwa wengine?

Basi nawaambia, ndugu zangu: sisi tutakaguliwa zaidi. Hilo si haki, na ndivyo lilivyo. Usipige risasi kukatisha barabara ya umma. Usimmulike mnyama kwa taa usiku ukiwa na bunduki. Usipakie bunduki yenye risasi garini. Wenyeji wakisema "hapa kila mtu hufanya," kumbuka hao kila mtu hawana faili uhamiaji.

Na chambo. Minnesota hairuhusu kumwaga mahindi wala chakula chochote ili kulungu aje, na mahali palipotiwa chambo panahesabiwa hivyo hadi siku 10 baada ya kuondolewa. Ukialikwa kwenye dungu la mtu, muulize kabla hujapanda, kisha zunguka chini yake ujionee mwenyewe.