Una CML na unawashwa? Kidonge usikiache

Mkuu, hiyo chupa usiinywe na vidonge vyako usivisimamishe. Kama cha leo hujameza, nenda kameze, halafu ndiyo urudi kusoma.

Umeandika una CML, saratani ya damu, na imatinibu, kidonge chake, umeanza miezi michache iliyopita, unawashwa mwili mzima hasa ukishalala, na kuna "tabibu" kakwambia uache dozi wiki mbili unywe dawa yake ya kusafisha damu kwa sababu vidonge vya hospitali vinatia sumu kwenye ngozi. Umeuliza na habari ya sabuni, samaki na mayai. Mimi nimekomea kwa huyo tabibu. Na mimi nilipewa ushauri huo huo, ila sikuja kuuliza jukwaani. Nilikunywa.

Kuwashwa kwenyewe nakujua. Nimejikuna kwa kitana, kwa rula ya mtoto na kwa gunzi la mahindi, na nikwambie ukweli, kwa mgongo hakuna kinachoshinda gunzi. Asubuhi singlendi ina vidoa vya damu. Duka la dawa wakanipa losheni ya upele, ile inayochoma, tukapakwa nyumba nzima hadi watoto, wakati anayewashwa ni mimi peke yangu! Haikusaidia, wakanipa tyubu ya steroidi, zile zile zinazochanganywa kwenye mkorogo. Na imatinibu yenyewe huwa inaangaza ngozi za sisi weusi, sura ikaanza kung'aa, kijiweni wakasema mzee kaanza kujichubua. Saratani ninayo, na jina la mjichubuaji juu yake.

Ndipo shemeji akaniletea huyo bwana wa mitishamba. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa lakini gundi bado inanata mkononi, ndani kitu cheusi kina povu, na kizibo kimefungwa kwa mfuko wa rambo. Bei sitaji, bado nina aibu. Sharti lake lilikuwa moja: usichanganye na dawa za hospitali, zitapigana mwilini. Sharti hilo hilo amekupa wewe, au siyo?

Kilichoniponza ni kwamba muwasho ulipungua. Nikafurahi, nikamrekodia sauti ya ushuhuda akaitupa kwenye magrupu ya WhatsApp. Huenda mpaka leo kuna mgonjwa mahali anaisikiliza sauti yangu ikimshukuru yule mtu, na hilo linaniuma kuliko hela. Daktari alikuja kunieleza baadaye: ngozi ilitulia kwa sababu nilikuwa nimeacha kidonge kilichokuwa kinaisumbua. Ningekunywa maji ya bomba ningepata "uponyaji" ule ule. Tena chupa nyingine za namna hiyo huwa zimesagiwa steroidi ndani, ndiyo maana zinatuliza haraka.

Halafu muwasho ukarudi, na safari hii ulikuja na wenzake. Imatinibu kazi yake ni kuizuia protini inayoitwa BCR-ABL, hiyo ndiyo inayoamrisha uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyeupe za damu bila kikomo. Ukiacha kumeza, hakuna wa kuizuia. Na kati ya chembe zinazoongezeka kwenye CML zimo zinazoitwa basofili, ambazo zimebeba histamini, kemikali ile ile inayokuwasha ukiwa na aleji. Umeona mchezo? Nimeacha dawa ili nisiwashwe, na ugonjwa wenyewe ukaja kuniwasha. Bandama ikavimba ubavu wa kushoto, nikawa nashiba kwa matonge mawili ya ugali, usiku shuka linalowa jasho. Kabla ya ujinga wangu chembe nyeupe zilikuwa zimeshashuka hadi elfu 6. Nilipojikokota kliniki zilisoma elfu 140. Kawaida ni kati ya elfu 4 na 11. Daktari hakufoka hata kidogo. Aliuliza tu nani aliniambia niache, nikajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Wakanirudisha kwenye imatinibu, lakini kipimo cha BCR-ABL kikagoma kushuka inavyotakiwa, nikahamishiwa nilotinibu, dawa nyingine ya CML. Hiyo ni mara mbili kwa siku, kila baada ya masaa kumi na mawili, tumbo likiwa tupu: masaa mawili kabla ya kumeza huli kitu, na lisaa limoja baada ya kumeza huli. Jaribu kuishi hivyo kwenye nyumba ambayo wali unaiva saa nne usiku. Misibani, harusini, kwenye futari, mimi natazama saa. Imatinibu unameza mara moja pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, unaendelea na mambo yako! Kichekesho kuliko vyote, nilotinibu nayo inawasha.

Yule bwana nilimpigia. Akasema sikuwa na imani, kisha akanibloku. Kabla ya 2001 imatinibu haikuwepo sokoni, na mwenye CML alikuwa akihesabiwa miaka. Leo anayemeza vizuri anaweza kuzeeka nayo, halafu mtu mwenye ndoo na mwiko anakwambia hiyo ni sumu. Mungu anisamehe ninayomuombea.

Kwa hiyo shika hili: muwasho una dawa zake, kidonge usikiache. Wa kukisimamisha au kukipunguza ni daktari wako wa damu, na akifanya hivyo anakufuatilia kwa vipimo. Kesho asubuhi piga simu kliniki. Waombe wakupime na ini, maana dawa ikilisumbua nalo linaweza kukuwasha. Macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, usisubiri tarehe ya kliniki. Na ukipata malengelenge, vidonda mdomoni, ngozi kubanduka, homa yenye vipele, midomo kuvimba au pumzi kubana, hospitali muda huo huo, na maboksi ya dawa ubebe wayaone.

Mimi kliniki wamenipa setirizini, dawa ya aleji, ya usiku, na krimu ya steroidi ya siku chache, ikitulia naacha. Usijinunulie hata hizo bila kuwauliza. Nilotinibu kwa mfano inagusa umeme wa moyo, na zipo dawa za aleji zinazofanya hivyo pia. Naoga maji ya vuguvugu, dodoki nimetupa, mafuta ya mgando napaka ngozi ikiwa bado na unyevu, kucha fupi. Gunzi nimelibakiza kwa heshima yake.

Ukishaongea nao rudi hapa useme wamekwambiaje. Na hiyo chupa mwaga chooni, usimpe jirani.