Simu inachaji tu, kompyuta haioni mafaili

Ndugu, kama Android yako inachaji ila kompyuta haioni kitu, anza na waya. Zile za bei chee za Kariakoo, nyingine ndani zina nyuzi mbili za umeme tu, za data hazimo. Azima nyingine kabla hujamlaumu fundi. Waya ikiwa nzima, fungua loki ya simu, vuta chini sehemu ya taarifa, gusa ujumbe wa USB, chagua kuhamisha mafaili. Kawaida simu huanzia kwenye kuchaji, kwa usalama.

Video ikigoma kuingia kwenye memori kadi? Kadi yenye FAT32 (aina ya mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi) haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe tele. Iformati, yaani iandae upya, kwa mfumo mwingine uitwao exFAT kama simu inaukubali, ila nakili vilivyomo kwanza, vinafutika vyote.