Pip yasema Django ipo, seva yasema haipo

Swali: Assalamu alaikum fundi. Nimeandika programu ya Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti) ya kufuatilia makasha ya wateja, kwa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kwenye laptopu yangu ya Windows inakwenda vizuri. Nimeipandisha kwenye seva ya Ubuntu 24.04, na nikiiwasha kwa mkono kwa `runserver`, seva ya majaribio ya Django, inaitika. Lakini nikiiacha iendeshwe na Gunicorn (seva ya programu za Python) kupitia systemd (msimamizi wa huduma za Ubuntu), Nginx inayopokea wageni wa tovuti inatoa hitilafu ya 502, yaani haipati jibu kutoka nyuma yake, na kwenye logi nakuta `ModuleNotFoundError: No module named 'django'`. Nikisakinisha tena, pip (kisakinishi cha paketi za Python) inajibu `Requirement already satisfied`. Rafiki yangu anasema nitumie `sudo pip install --break-system-packages` yaishe. Nifuate ushauri huo? Ripoti ya hitilafu nimeiambatanisha.
Msomaji, Changamwe

Jibu: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Usiufuate. Ubuntu yenyewe inategemea Python yake kwa kazi zake za ndani, na amri hiyo inaingiza paketi zako humo kwa nguvu. Huenda 502 ikaondoka leo, kisha siku nyingine sasisho la kawaida likavuruga mambo na usijue pa kuanzia.

Tatizo lako ni jingine. Pip haikudanganyi, na Gunicorn haikudanganyi pia. Seva ina Python zaidi ya moja, na kila mmoja kati ya hao wawili anazungumzia ya kwake. Tazama mstari huu katika ripoti uliyoniletea:

`File "/usr/lib/python3/dist-packages/gunicorn/util.py"`

Watu wengi husoma mstari wa mwisho tu wa ripoti, na jibu huwa limekaa juu yake. Njia hiyo ya `/usr/lib/python3/dist-packages` ni ghala la paketi zilizoletwa na `apt`, kisakinishi cha Ubuntu yenyewe. Maana yake uliwahi kuandika `apt install gunicorn`, na hiyo ndiyo systemd inayoiwasha. Gunicorn hiyo inatumia Python ya mfumo. Django yako iko kwenye `venv`, yaani folda ya mradi yenye Python na paketi zake pekee, ndani ya `lib/python3.12/site-packages`, mahali ambapo Python ya mfumo haiangalii kabisa.

Mbona `runserver` inakubali? Kwa sababu ulitangulia kuandika `source venv/bin/activate`. Amri hiyo inabadilisha `PATH`, yaani orodha ya folda za kutafutia amri, ya terminali uliyokaa nayo, basi. Systemd haipiti kwenye terminali yako wala haisomi `.bashrc` yako, kwa hiyo hata ukiiwasha `venv` mara mia, huduma haitapata habari. Dawa ni kuipa njia kamili. Ukiwa ndani ya `venv`, andika `python -m pip install gunicorn`, kisha faili ya huduma iwe hivi:

```
[Service]
User=www-data
WorkingDirectory=/srv/makasha
ExecStart=/srv/makasha/venv/bin/gunicorn --bind 127.0.0.1:8000 makasha.wsgi:application
```

Halafu `sudo systemctl daemon-reload`, na uwashe upya huduma yako. Hakuna haja ya `activate` popote, maana faili ya `venv/bin/gunicorn` katika mstari wake wa kwanza imeandikwa njia ya Python ya `venv` hiyo hiyo.

Hiyo pia ndiyo sababu sikushauri kuihamisha `venv` kutoka folda moja hadi nyingine, sembuse kuinakili kutoka Windows. Njia zimeandikwa ndani yake. Ifute, uunde nyingine papo hapo kwa `python3 -m venv venv`, usakinishe kutoka `requirements.txt`, orodha ya paketi za mradi wako. Na mradi uuweke `/srv`, usiuache kwenye `/home`: katika Ubuntu za sasa folda ya nyumbani ya mtumiaji imefungwa kwa wengine, na `www-data`, mtumiaji anayeendesha huduma yako, hataweza kuingia.

Mstari wa `WorkingDirectory` nao usiudharau. Usipouweka, huduma huanzia kwenye `/`, na hapo hitilafu itageuka kuwa `No module named 'makasha'`. Folda inayotakiwa ni ile yenye `manage.py`, si ile ya ndani yenye `settings.py`.

Ukitaka kuthibitisha badala ya kubahatisha, na mimi napenda tuthibitishe kwanza, weka mistari hii juu kabisa ya `wsgi.py`, kabla Django haijaitwa:

```
import sys
print(sys.executable, sys.path, file=sys.stderr)
```

Washa upya, kisha soma logi ya systemd kwa `journalctl -u` pamoja na jina la huduma yako. Neno la kwanza litakuonyesha ni Python ipi inayofanya kazi, na orodha inayofuata ni folda inazotafutia moduli, kwa mpangilio wake. Ukiona `/usr/bin/python3` bado hujafika. Ukishamaliza, iondoe mistari hiyo.

Kwa kuwa umetoka Windows, moduli zako mwenyewe pia zinaweza kukusumbua baadaye. Wengi husema Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini Python hujali hata huko. Kinachoponyoka ni Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo wako. Ukibadilisha jina la `Fomu.py` liwe `fomu.py` kwenye Windows, Git mara nyingi haioni badiliko, na seva inaendelea kupokea `Fomu.py`. Andika `git ls-files` uone jina ambalo Git inalo, na ulirekebishe kwa `git mv`. Kama uliita folda yako `lib`, angalia na `.gitignore`, faili inayotaja vitu ambavyo Git isivichukue: ile ya Python inayotolewa na GitHub huifungia nje folda yenye jina hilo, kwa hiyo haikupanda kamwe.

Kuna na majina yasiyofanana, moduli ikiitwa hivi na paketi yake vingine. Ukiambiwa `dotenv` haipo, unachosakinisha ni `python-dotenv`; `PIL` ni `Pillow`; `yaml` ni `PyYAML`. Na ukikutana na moduli ya `distutils`, jua iliondolewa kwenye Python 3.12, ambayo ndiyo ya Ubuntu 24.04. Tafuta toleo jipya la paketi inayoiita.

Ukifanya haya na 502 ikabaki, niletee vitu viwili: yale yaliyochapwa na `print`, na ripoti nzima kutoka `journalctl`, si mstari wa mwisho peke yake. Kabla ya kutuma, futa `SECRET_KEY` na nywila za hifadhidata kama zimetokea humo, maana hayo makasha ni ya wateja wa watu.