Jibu: Maji yaliyojificha na sanamu za mbao, Mombasa

Habari ndugu. Umeuliza mgeni wako ataona wapi ziwa lililofichika na sanamu za mbao, kwa siku moja, bila kutoka Mombasa. Mimi huwatenganishia wageni wangu sehemu mbili.

Maji yako Bamburi, Haller Park, ambayo ni bustani ya miti na wanyama. Ukipita barabara ya Malindi hutadhani kuna kitu, maana miti ya mivinje imeficha kila kitu. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji. René Haller, Mswisi aliyelipa eneo hilo jina lake, alianza kupanda miti hapo mwaka 1971, na mabwawa yale yamekaa kwenye mashimo ya zamani. Nenda asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Kiingilio hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza.

Sanamu ziko Changamwe, kwa chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, kilichoanzishwa 1963, upande wa kwenda uwanja wa ndege. Hapa ndipo ukae sana! Mpitishe kwenye mabanda amwone twiga akitoka kwenye gogo kwa tezo, ndipo muingie dukani. Kabla ya kulipa, geuza sanamu uangalie chini: mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu huuzwa mitaani kama mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito. Mimi humshauri mtu achukue mwarobaini, unaota upesi, ilhali mpingo na muhugu, mti mwingine wa kuchongea, vinakwisha.

Na akitokea mtu kuwauzia kigango cha zamani, kataeni kabisa. Ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ukumbusho wa marehemu wa Wagiriama, na vingi vimeibwa.