Swali la kwanza huonyesha lawama inakoelekea

Mmeuliza wiki hii: mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, kwa nini lawama humwangukia asiyehusika? Nawajibu kwa hali ya hapa Tanzania. Sikilizeni maswali ya uani siku jambo linapofichuka. "Alifuata nini kule?" "Mama yake alikuwa wapi?" "Mbona hakusema mapema?" Aliyetenda hajaulizwa lolote.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Mara nyingi mtendaji ni mtu wa karibu, anayeamkiwa shikamoo kila asubuhi, na mtoto ameshaambiwa kwamba akisema, mama atapigwa au ada haitalipwa. Kuchelewa kusema ni kazi ya vitisho hivyo, wala si dalili ya uongo. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipitia ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana hao hatuwataji kabisa.

Lawama kwa mama ina hasara nyingine, ya ushahidi. Mama anayejua atasemwa humwogesha mtoto, hufua nguo, hukaa kimya. Wazee nao huitana "kuyamaliza kifamilia", na saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU zinapita. Dawa hizo kila saa ina maana. Siku ya nne huwa hazina msaada tena.

Basi mtoto asiogeshwe. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huotesha ukungu na kuharibu vielelezo. Muende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mpewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali; kama polisi ni mbali, tangulieni hospitali. Simu 116, ya msaada kwa watoto, ni bure.

Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama hajui jina la kiungo. Asihojiwe na shangazi, kisha mwalimu, kisha mjumbe: kila anapohojiwa upya kitu kidogo hubadilika, na wakili wa utetezi hushika hapo hapo. Na msidhani hana thamani mahakamani bila shahidi mwingine. Kwa makosa haya, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli, ushahidi wake peke yake unatosha kumtia mtu hatiani.

Ukitaka kuuliza kitu uani, uliza: "Huyo mtu yuko wapi sasa, na je, anaweza kumfikia tena mtoto usiku huu?"