Kwenu mainjinia vijana mliokabidhiwa shimo lenu la kwanza la msingi mjini

Juzi Kariakoo, kule kule tulikolia Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka, nimemkuta injinia kijana ukingoni mwa shimo la mita 7 akihesabu malori ya udongo. Nyumba ya jirani hajaitupia hata jicho. Wadogo zangu, nawapenda, lakini tutarudia haya mpaka lini?

1. Kabla kijiko cha mashine hakijagusa ardhi, ingia kwa majirani, piga picha kila ufa, andika tarehe.

2. Maji. Hapa nitakaa.

Nilisimamia besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, Upanga, mchanga mtupu, maji mita 2 tu chini. Tulizungushia nguzo za zege, kati ya moja na nyingine mwanya wa kupitisha kiganja. Pampu zikakesha. Asubuhi maji yalitoka bombani na rangi ya chai ya maziwa, nami nikafurahi kwamba shimo linakauka. Mama wa nyumba ya pili akaja getini: "Mwanangu, mlango wangu wa jikoni jana ulifunga vizuri, leo unakwama." Nikamjibu, "Shikamoo mama, hiyo ni mvua, mbao imevimba." Nilisema hivyo nikiwa na daftari la levo mkononi, lile la vipimo vya kuonyesha kama nyumba inashuka, sijalijaza siku 4.

Siku ya tatu baada ya hapo, jioni, kona ya jiko lake ilishuka. Sakafu ilibaki inaning'inia. Nililala kifudifudi, nikaingiza mkono chini yake mpaka begani, sikugusa kitu. Mchanga uliobeba nyumba yake ndio niliouona bombani ukienda mtaroni. Wajukuu walikuwa sebuleni. Hawakuumia, lakini usiku ule mimi ndiye niliyebeba magodoro yao kuwahamisha, na yule mama hakunitazama usoni.

Kwa hiyo kila asubuhi kinga maji ya pampu kwenye ndoo, yaache yatulie. Ukiona mchanga, simamisha kazi, ziba mianya. Hata yakiwa safi usibweteke: ukishusha maji, chembe za udongo zinabeba uzito ambao maji yalikuwa yakiusaidia, ardhi inajikamua, na nyumba za mbali na shimo nazo zinashuka.

3. Usichimbe hatua inayofuata kabla mihimili ya juu, ile inayozuia kuta za shimo zisiingie ndani, haijakazwa. Nicoll Highway, Singapore, tarehe 20 Aprili 2004, watu 4 walikufa kwenye shimo la reli. Viungo vya mihimili vilishindwa, na ukuta ulikuwa umeshasogea kuliko ilivyokadiriwa. Viwango vya msogeo vya kupigia kengele vilipandishwa tu, uchimbaji ukaendelea. Kipimo kikikutisha, amini kipimo.

4. Gandisha kipande cha kioo kwa jasi juu ya ufa; kikipasuka, ufa unatembea.

5. Udongo usirundikwe ukingoni.

Yule kijana nilimwachia ndoo. Leo saa 12 asubuhi kanipigia: mchanga vidole viwili. Kazi kasimamisha, na familia ya jirani imeshatoka nje. Niko njiani.