Nishani zisizoonekana kwenye hati ya jeshi

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga, na nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka 2002 alipata viza ya Marekani kwa ile bahati nasibu yao, na mwaka 2004 akajiunga na jeshi la nchi kavu la huko. Alikuwa dereva wa malori ya mizigo, akapelekwa Iraq mwaka 2006 hadi 2007, kisha mwaka 2008 akamaliza mkataba wake wa miaka minne na kuachishwa kwa heshima. Sasa amerudi nyumbani, anafuga ng'ombe wa maziwa Pongwe. Juzi alinionyesha hati yake ya kuachishwa jeshi, nikamuuliza mbona medali alizokuwa akinitumia picha zake sizioni humo. Akacheka, akasema aliyeiandika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kabatini ana cheti cha medali ya pongezi chenye saini ya kanali, lakini kwenye hati hakuna. Medali ya kampeni ya Iraq hakuna, ya mwenendo mwema hakuna. Tena mwaka 2007 lori lake lilikanyaga bomu, akapoteza fahamu, akatibiwa na daktari wa kikosi, lakini nishani ya majeruhi hakupewa kabisa, na tangu arudi anaumwa kichwa na hapendi milio. Mwenzake wa jeshini amemwambia asijisumbue kwa sababu majalada ya askari yaliungua moto. Je, ni kweli? Na je, ninaweza kumwandikia mimi barua hizo, maana yeye ni mzito wa karatasi? Tena, nishani hizo zina fedha yoyote? – Kaka Mtu, Ngamiani.

JIBU

Marahaba, Kaka Mtu. Tuanze na moto, kwa sababu habari hiyo ni ya kweli lakini haimhusu mdogo wako. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi huko St. Louis, jimbo la Missouri, ukateketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18. Yaliyopotea kwa wingi yalikuwa ya watu wa jeshi la nchi kavu walioachishwa kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na tarehe 1 Januari 1960, ambapo takriban asilimia 80 yaliungua, pamoja na sehemu kubwa ya majalada ya jeshi la anga ya miaka ya mwanzo. Mtu aliyeingia jeshini mwaka 2004 hakuwa na karatasi ya kuungua mwaka 1973. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa kielektroniki, na huenda cheti kile kile kilichoko kabatini kimo humo, ila hakuna aliyekichukua na kukiingiza katika hati.

Kuhusu kumwandikia, unaweza kumshikia kalamu, unaweza kumpangia karatasi mezani na kumsukuma mpaka amalize, lakini huwezi kumtilia saini. Mwenye haki ya kuomba ni askari mwenyewe akiwa hai na akiwa na akili timamu. Ndugu huingia pale mwenyewe anapokuwa amefariki au hajiwezi, na hapo wanaotambuliwa kwanza ni mjane ambaye hajaolewa tena, watoto, wazazi, kisha ndugu wa kuzaliwa, tena kwa vyeti vya kuthibitisha kifo na udugu. Saini utakayoiga wewe kwa nia njema itamgeuzia kesi.

Jambo ambalo ningependa mlielewe ninyi wawili kabla ya kugusa fomu yoyote ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya nishani aliyopewa mtu ikasahaulika kuandikwa, na nishani ambayo mtu anaona alistahili lakini hakuna aliyempa. Ya kwanza ni kosa la karani. Ya pili ni madai, na madai yanataka ushahidi. Waombaji wengi huyachanganya hayo mawili katika barua moja ndefu yenye uchungu, na matokeo yake hata lile dogo lililokuwa la kurekebishwa haraka hukwama pamoja na lile kubwa. Mdogo wako ana mambo manne, na kwa jinsi ulivyoyaeleza, hayalingani hata kidogo.

Chukueni hati hiyo, inayoitwa DD 214, mkae nayo kwenye mwanga. Nishani, medali, beji na tepe zote huandikwa katika kisanduku cha 13. Msiishie hapo. Shukeni hadi kisanduku cha 18, ambacho ni cha maelezo ya ziada, kwa sababu kwa askari waliopelekwa vitani mara nyingi kuna mstari unaosema alitumikia Iraq tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mstari huo ukiwapo, hati inajishuhudia yenyewe: medali ya kampeni ya Iraq hupewa aliyekuwa huko siku 30 mfululizo, au siku 60 zisizo mfululizo, katika kipindi cha tarehe 19 Machi 2003 hadi tarehe 31 Desemba 2011. Dereva aliyekaa huko mwaka mmoja hana haja ya kumtafuta shahidi. Anayo hesabu ya siku zilizopigwa chapa na jeshi lenyewe.

Medali ya pongezi nayo imo katika kundi hilo la makosa ya karani, ila ushahidi wake ni tofauti. Cheti kinachopendeza ukutani si kitu chenye nguvu kuliko vyote. Chenye nguvu ni amri ya kudumu, yaani ile karatasi yenye namba na tarehe inayotamka kwamba fulani, wa kombania fulani, amepewa medali fulani kwa mamlaka ya kamanda fulani. Mara nyingi namba ya amri huwa imeandikwa chini ya cheti kwa herufi ndogo, na pengine iko katika fomu ya mapendekezo iitwayo DA 638, upande ambao kamanda aliidhinisha. Atafute kabatini, na asipoiona aombe nakala ya jalada lake lote kwa fomu SF 180, ambayo ukurasa wake wa nyuma unaonyesha ombi lipelekwe wapi kufuatana na aina ya jeshi na mwaka wa kuachishwa.

Akiwa na karatasi hizo, asikimbilie bodi ya kusahihisha kumbukumbu, nitakayoieleza mbele. Aandike kwanza kwa mamlaka ya utawala ya jeshi lake akiomba hati isahihishwe, aambatanishe nakala ya DD 214 na ya amri, aseme kwa sentensi tatu kinachokosekana na wapi kinathibitika. Wakikubali hawatampa DD 214 mpya. Watampa karatasi nyingine iitwayo DD 215, inayotaja marekebisho, na hizo mbili hukaa pamoja daima. Nasisitiza hilo kwa kuwa wapo wanaoipokea DD 215, wakaiona ni kijikaratasi tu, wakaiweka wasikojua.

Medali ya mwenendo mwema iko katikati ya kosa la karani na madai. Kwa jeshi la nchi kavu, kwa kawaida huhitaji miaka mitatu mfululizo ya utumishi safi, na mdogo wako alitumikia minne, lakini haiji yenyewe kwa kuhesabu miaka: kamanda alipaswa kuidhinisha na amri itolewe. Kama amri haikutolewa, ofisi ya utawala inaweza kusema haina cha kuandika. Hapo ndipo inapoingia Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi ya jeshi la nchi kavu, ambayo huombwa kwa fomu DD 149. Bodi hutazama kama jalada lina adhabu yoyote au maandishi ya kamanda ya kumnyima, na likiwa safi, mwombaji ana hoja nzuri.

Sasa bomu. Nishani ya Purple Heart, ndiyo hiyo ya majeruhi, ina tabia ya peke yake, kwa maana mtu hapendekezwi kuipata kama anavyopendekezwa kwa medali ya ushujaa. Anaistahiki akitimiza masharti. Ajeruhiwe kwa kitendo cha adui, jeraha liwe la kuhitaji matibabu ya mganga wa jeshi, na matibabu hayo yawe yameandikwa. Mtikisiko wa ubongo unakubalika, hata bila damu kutoka, mradi kuna maandishi ya tiba. Katika sharti hilo la tatu ndipo waombaji wengi wanapoanguka, maana daktari wa kikosi anaweza kuwa alimmulika macho kwa tochi, akampa dawa na siku mbili za kulala, asiandike neno. Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni kutafuta karatasi za wakati ule: jalada la matibabu la vitani, ripoti ya tukio la msafara, taarifa ya majeruhi. Maelezo ya askari wenzake waliokuwa katika lori lile au la nyuma yake yanasaidia sana, wakiandika wao wenyewe walichokiona kwa macho, kila mmoja kwa maneno yake. Maelezo yako wewe, Kaka Mtu, kwamba tangu arudi anaumwa kichwa na hapendi milio, ni ya kweli na ya huruma, lakini hayathibitishi kilichotokea barabarani mwaka 2007. Vilevile, kama idara ya Marekani ya wastaafu wa jeshi imemkadiria ulemavu kwa ajili ya kichwa hicho, barua yake iambatanishwe, ila mjue kwamba peke yake haithibitishi kuwa jeraha lilitoka kwa adui.

Bodi hukaa na wajumbe watatu kwa kila ombi, ambao ni raia, si wanajeshi. Haifanyi upelelezi, inasoma ulichopeleka na kilichomo jaladani, tena huanza kwa kudhani kwamba walioandika hati walifanya sawasawa mpaka mwombaji aonyeshe kinyume chake. Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa. Msikate tamaa kwa kuwa yeye aliachishwa mwaka 2008: sheria inaruhusu Bodi kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na katika fomu ipo sehemu ya kueleza lini aligundua na kwa nini alichelewa. Aandike ukweli. "Sikujua kwamba inaweza kusahihishwa" ni jibu la heshima kuliko hadithi ya kutunga. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi kumi na hakuna litakalopita miezi 18, basi asianze kuuliza baada ya wiki mbili. Akikataliwa, anaweza kurudi akiwa na ushahidi ambao Bodi haikuuona mwanzo.

Yapo mawili ya kwetu ambayo fomu hazitawaambia. Sisi huandika majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na Wamarekani huchukua la mwisho kuwa la ukoo. Tazameni kama amri ya medali imeandika Mohamed na hati imeandika Mohammed, au kama jina la babu limeachwa mahali pamoja; karatasi isiyolingana kwa herufi moja inaweza kukaa nje ya jalada la mwenyewe miaka yote hiyo. Kama mmeiona tofauti, mdogo wako aape hati ya kiapo kwa wakili hapo mjini kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kama imeandikwa kwa Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza. La pili ni tarehe. Sisi tukiandika 4/7 tunasema tarehe nne Julai, wao wanasoma Aprili saba. Fomu za jeshi lao huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu nane.

Asitume karatasi asilia hata moja. Mimi niliwahi kupeleka cheti changu halisi cha kuzaliwa kwenye ofisi moja, nikaambiwa "kipo, kinashughulikiwa" kwa miaka miwili, mpaka nikaacha kuuliza. Apige nakala steshenari, zisomeke mpaka pembeni, kisha atume kwa rejista na risiti aitunze. Na mtu akiwaambia ana njia ya mkato kwa laki tano, mwambieni ahsante: fomu hizi hazina ada.

Umeuliza pia kama kuna fedha. Medali ya kampeni, ya pongezi na ya mwenendo mwema hazileti posho. Purple Heart ina uzito kidogo, kwa kuwa humpandisha daraja mstaafu katika huduma za afya za idara ya wastaafu, na tangu Agosti 2018 huwafungulia walioipata baada ya tarehe 11 Septemba 2001 mafao kamili ya masomo. Lakini aombe kwanza zile mbili zenye karatasi. Hiyo ya kichwa aipeleke peke yake, akiwa tayari.

SWALI

Bibi, babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, akapigana Bama (Burma). Ameacha nyota moja ya shaba yenye utepe. Tunaweza kutumia fomu za Marekani kuomba zile zilizobaki? – Wajukuu, Pangani.

JIBU

Hapana, wajukuu. Keya walikuwa chini ya Uingereza, na maombi ya medali za Vita Kuu ya Pili hupelekwa kwa ofisi ya medali ya wizara ya ulinzi ya huko, na mrithi anayetambulika kisheria. Ninyi mko wengi, basi mchague mmoja awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Nyota ya Bama ilitolewa kwa waliotumikia huko kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945, lakini nyota hizo kwa askari wa Uingereza hazikuchongwa majina, hivyo kuwa nayo mkononi hakuthibitishi ilikuwa ya nani. Kilicho muhimu kuliko jina ni namba yake ya jeshi na kikosi chake. Tafuteni nyuma ya picha za zamani, kwenye barua zake, kwenye kitabu chake cha utumishi kama kipo. Na kama bado yuko mzee anayekumbuka simulizi zake, muulizeni kama alitaja bonde la Kabaw au mto Chindwin, maana huko ndiko divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikopita mwaka 1944.